Walinzi wa Lango: Jinsi Virusi vya UKIMWI Vinavyodhoofisha Kinga ya Asili ya Mwili

Utangulizi

Katika sharika zetu nyingi maelezo juu ya UKIMWI yamezoeleka kiasi kwamba hata mwanafunzi wa kipaimara aweza kuyarudia bila kusita: virusi huingia mwilini, huwaua askari wa mwili, na askari wakiisha mtu hupatwa na magonjwa ya kila namna. Maelezo hayo si ya uongo. Yamewasaidia watu wengi tangu wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Kanisa iliyoko Ndolage. Hata hivyo yanaacha nje jambo kubwa. Yanasimulia habari za jeshi moja tu, ilhali mwili wa mwanadamu una majeshi mawili. Jeshi linalosahauliwa ndilo lililowekwa langoni, nalo huanza kuharibiwa mapema kuliko wengi wetu wanavyodhani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Virusi vya UKIMWI (VVU) vinavyoidhoofisha kinga ambayo mtu huzaliwa nayo, ndiyo tunayoiita hapa kinga ya asili. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo la kitabibu liletwe mbele ya wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Sababu yake ni ya kichungaji. Mshiriki wa Kanisa anayemeza dawa humjia mchungaji wake na kusema: "Mchungaji, nimeombewa, nguvu zimenirudia, kilo zimeongezeka, kuna haja gani ya kuendelea na vidonge?" Mara nyingi swali hilo halifiki kwa daktari. Huulizwa ofisini mwa usharika, nyumbani kwa mwinjilisti, au nje ya kanisa baada ya ibada. Jibu litakalotolewa hapo laweza kumwacha mtu huyo hai au kumpeleka kaburini. Kwa hiyo yampasa anayejibu ajue ni nini kinachotendeka ndani ya mwili ambao kwa nje unaonekana mzima.

1. Majeshi mawili ya mwili

Mwaka 1882 mtaalamu wa elimu ya viumbe kutoka Urusi, Élie Metchnikoff, alipokuwa akiishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua vitoto vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao ni myangavu kama kioo, akavichoma kwa miiba midogo. Kesho yake alipotazama kwa darubini aliona chembe hai zimeuzunguka mwiba kama watu wanaomzunguka mwizi. Chembe hizo hazikufundishwa na mtu; zilikwenda zenyewe mahali palipojeruhiwa, zikijaribu kukimeza kitu kigeni. Kutokana na hayo Metchnikoff alifundisha kwamba kiumbe hujilinda kwa seli zinazomeza maadui. Wataalamu wengine, miongoni mwao Paul Ehrlich wa Ujerumani, walishikilia kwamba ulinzi umo katika vitu vilivyoyeyuka ndani ya majimaji ya damu. Mwaka 1908 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na wakati umeonyesha kwamba kila mmoja alikuwa ameona sehemu ya ukweli.

Leo tunajua kwamba kinga ya mwili ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kinga ya asili. Hiyo huanzia kwenye ngozi, kwenye utando laini wenye ute unaofunika ndani ya kinywa, pua, mapafu, utumbo na viungo vya uzazi, na kwenye asidi ya tumbo. Nyuma ya kuta hizo wako walinzi. Kuna makrofaji, ambazo ni seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Kuna nutrofili, ambazo ndizo chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu, na ambazo hukimbilia penye jeraha na kufia hapo. Usaha tunaouona katika kidonda kwa sehemu kubwa ni mizoga yao. Kuna seli za dendriti, zenye matawi marefu, ambazo kazi yao ni kupeleleza na kupeleka habari. Kuna seli ziitwazo wauaji wa asili, zinazoziua seli za mwili wenyewe zikishaingiliwa na virusi au kugeuka kuwa saratani. Aidha kuna protini ziitwazo interferoni, ambazo seli iliyoshambuliwa huzitoa ili kuzionya seli za jirani zifunge milango.

Walinzi hao hawamjui kila adui kwa jina lake. Wanatambua alama za jumla tu, kama vile vipande vya ukuta wa bakteria, kama mlinzi wa usiku asiyejua jina la mwizi lakini anajua kwamba mtu mwema hapiti dirishani. Ndiyo maana huanza kazi katika dakika na saa za kwanza. Upande wa pili ni kinga ya kujifunza, yenye seli za T na seli za B. Hiyo humtambua adui mmoja mmoja na kumkumbuka kwa miaka mingi, na juu ya kumbukumbu hiyo chanjo zetu zimejengwa. Lakini inapokutana na adui mpya huhitaji siku nyingi kujiandaa.

Majeshi haya mawili hayawezi kutengana. Seli ya dendriti isipoleta habari, seli za T hazijui vita viko wapi. Hali kadhalika seli za T zisipotuma amri, makrofaji humeza kijidudu lakini hazipati nguvu ya kukiua. Seli za T zinazotoa amri hizo ndizo zenye alama iitwayo CD4 juu ya ngozi yake, nazo ndizo zinazohesabiwa hospitalini mtu anapoambiwa "CD4 zako zimeshuka". Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya viungo vinavyohitajiana (1 Wakorintho 12) hakuwa akifundisha elimu ya tiba. Lakini mwanafunzi wa theolojia atakayejifunza habari za kinga ataona kwamba mfano aliouchagua una kina kuliko alivyoweza kujua mwenyewe.

2. Kirusi kinavyopita langoni

VVU vilitambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris na kundi la Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier. Kirusi hiki kina protini juu yake inayofanya kazi kama ufunguo. Kitasa chake ni ile alama ya CD4 pamoja na kitasa cha pili, ambacho kwa maambukizo mengi ya mwanzo ni kile kiitwacho CCR5. Hapa ndipo yalipo mambo ambayo maelezo yetu ya kawaida huyaruka. Vitasa hivyo viwili haviko juu ya seli za T peke yake. Viko pia juu ya makrofaji na juu ya aina kadhaa za seli za dendriti. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza kirusi kinao ufunguo wa nyumba ya mlinzi mwenyewe.

Zaidi ya hayo, seli za dendriti hukishika kirusi kwenye utando wa viungo vya uzazi au wa utumbo, kisha, kama ilivyo desturi yao, hukibeba hadi kwenye tezi ambako seli za T zimekusanyika. Kazi iliyowekwa ili kupeleka habari za adui hugeuka kuwa kazi ya kumsafirisha adui.

Ndani ya seli zenyewe nako imo mitego. Mwaka 2002 wataalamu walitambua protini iitwayo APOBEC3G, ambayo huharibu maandishi ya urithi ya kirusi wakati kinapojinakili. Mwaka 2008 walieleza nyingine, tetherini, ambayo hukifunga kirusi kipya kisiachane na seli iliyokizaa. Lakini VVU vimebeba jibu kwa kila mtego: protini yao iitwayo Vif huisababisha APOBEC3G ivunjwevunjwe, na ile iitwayo Vpu huiondoa tetherini. Mwaka 2011 ulitambuliwa mtego wa tatu, SAMHD1, ambao huzinyima virusi mali ya kujijengea ndani ya seli za dendriti. Dhidi ya huo VVU vya aina ya kwanza, ambavyo ndivyo vilivyoenea zaidi duniani, havina silaha. Tungeweza kudhani kwamba huo ni ushindi wa mwili, na kwa sehemu ndivyo. Hata hivyo, kwa kuwa kirusi hakijinakili vema ndani ya mpelelezi huyo, mpelelezi hakitambui sawasawa, na king'ora hakilii inavyopasa.

3. Ukuta uliobomolewa

Watu wengi hudhani kwamba vita vya UKIMWI viko katika damu, kwa kuwa ndiko kipimo kinakochukuliwa. Kwa kweli sehemu kubwa ya seli za kinga haiko katika damu. Imepangwa kandokando ya utumbo, na sababu yake ni dhahiri: utumbo ndio mpaka mrefu ambao mwili unao na ulimwengu wa nje, nao una bakteria wasiohesabika ambao wana manufaa wakikaa mahali pao na ni hatari wakivuka.

Katika wiki za kwanza za maambukizo VVU huziangamiza kwa wingi seli za CD4 zilizoko katika utumbo, hata wakati hesabu katika damu bado inaonekana nzuri. Kati ya zinazoangamizwa mapema ni kundi liitwalo Th17, ambalo kazi yake ni kuagiza ukuta wa utumbo utengenezwe na nutrofili ziitwe panapotokea ufa. Mafundi wakishauawa, ufa mdogo hubaki bila kuzibwa. Mwaka 2006 uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani ulionyesha kwamba katika damu ya watu wenye VVU vya muda mrefu vimo vipande vya kuta za bakteria wa utumboni, ambavyo kwa kawaida havipaswi kuwapo kwa kiasi kile.

Msomaji wa kitabu cha Nehemia anakumbuka kwamba mji ulioachwa bila ukuta ulikuwa aibu kwa wakazi wake, na kwamba waliojenga walilazimika kushika silaha kwa mkono mmoja na kufanya kazi kwa mkono mwingine (Nehemia 4). Mwili wa mtu mwenye VVU asiyetibiwa uko katika hali mbaya kuliko hiyo, kwa kuwa adui huwaua kwanza wale wanaojenga. Na katika wakati huo wote mwenye mwili anakwenda shamba, anaimba kwaya, anahudhuria vikao vya baraza la wazee, wala hasikii maumivu yoyote.

4. Yanayowapata walinzi mmoja mmoja

Tuanze na makrofaji. Tofauti na seli za T, ambazo mara nyingi hufa zikishaingiliwa, makrofaji zaweza kuishi muda mrefu na kirusi ndani yake. Zinabaki kazini, lakini utendaji wake umepungua: humeza kwa uzito na huua kwa shida. Jambo hili ndilo linaloeleza kwa nini UKIMWI na kifua kikuu vimekuwa kama mapacha katika bara letu. Bakteria wa kifua kikuu humezwa na makrofaji za mapafuni, na katika mtu mwenye afya njema hufungiwa ndani ya kifundo cha seli ambamo aweza kukaa miaka mingi bila madhara. Ili kifundo kisimame, yahitajika makrofaji imara na amri zisizokoma kutoka kwa seli za CD4. VVU vinapiga pande zote mbili kwa wakati mmoja, na gereza hufunguka. Mtu asiye na VVU aliyebeba bakteria hao waliolala ana uwezekano wa kuugua wa asilimia 5 hadi 10 hivi katika maisha yake yote. Mwenye VVU asiyetibiwa aweza kuwa na uwezekano wa kiasi hicho katika mwaka mmoja. Mpaka leo kifua kikuu ndicho kinachoongoza kwa kuwaua watu wenye VVU duniani.

Nutrofili nazo hupungua idadi, hufa kabla ya wakati, na hazikimbilii penye hatari kwa wepesi wa kawaida. Kwa sababu hiyo bakteria wa kawaida wa nimonia, na wale wa jamii ya salmonela ambao kwa mtu mwingine wangeleta kuhara kwa siku chache tu, huweza kuingia katika damu na kuua. Utando mweupe wa fangasi kinywani, ambao mchungaji aliyezoea kutembelea wagonjwa ameuona mara nyingi, nao ni ishara kwamba ulinzi wa ule utando wenye ute umeanguka.

Habari za seli wauaji wa asili zinastahili kuelezwa kwa utulivu. Kila seli ya mwili hubeba juu yake vitambulisho. Seli iliyoingiliwa na virusi huonyesha kwenye vitambulisho hivyo vipande vya adui, na hivyo seli za T huiua. Baadhi ya virusi hujificha kwa kuviondoa vitambulisho vyote. Lakini hapo wauaji wa asili huamka, kwa kuwa wao humshuku yeyote asiye na kitambulisho. VVU vina ujanja kuliko huo. Protini yao iitwayo Nef huondoa vitambulisho vya aina mbili ambavyo seli za T huvitegemea zaidi, na kuviacha vile ambavyo wauaji wa asili huvitazama. Seli iliyotekwa hupita mbele ya walinzi wa aina zote mbili. Aidha, kadiri ugonjwa unavyoendelea bila dawa, huongezeka kundi la wauaji wa asili ambao wapo kwa idadi lakini hawafanyi kazi.

Mwisho kuna zile seli za dendriti zinazotoa interferoni kwa wingi. Hizo hupungua katika damu kadiri VVU vinavyozidi. Zilizobaki huendelea kutoa interferoni mwezi baada ya mwezi bila kupumzika, na hilo latuleta kwenye jambo lenye uzito kuliko yote.

5. Moto usiozimika

Ukipigwa na mwiba, mahali pale huvimba, hupata joto na wekundu. Huo mwako wa mwili ni kazi ya kinga ya asili, na ni wa manufaa ikiwa utazimika kazi ikiisha. Katika VVU hauzimiki. Kirusi chenyewe kipo siku zote, vipande vya bakteria vinavuja kutoka utumboni, interferoni zinaendelea kutolewa. Kwa hiyo mwili mzima huwa kama mji ambao king'ora chake hakinyamazi. Walinzi huchoka. Seli za T nazo huitwa vitani bila kukoma, na seli iliyoamshwa ndiyo ambayo kirusi hukipenda zaidi kuijinakilia ndani yake. Hivyo juhudi za mwili za kujilinda huongeza kuni katika moto ule ule.

Ushahidi wa jambo hili watoka kwa aina ya nyani wa Afrika Magharibi waitwao mangabe wa kijivu. Wanyama hao hubeba kirusi cha ukoo mmoja na VVU, tena kwa wingi katika damu yao, na kwa kawaida hawaugui. Kinga yao ya asili huwaka siku za mwanzo kama ya kwetu, lakini baada ya majuma machache huutuliza moto, na ukuta wa utumbo wao hauharibiki. Kwa hiyo kinachomuua mwanadamu ni kirusi pamoja na moto usiozimika ambao kirusi kimeuwasha.

Jambo hili lilijaribiwa kwa gharama kubwa. Katika utafiti uitwao SMART, uliowahusisha watu 5,472 katika nchi 33, kundi moja lilimeza dawa bila kukoma, na kundi la pili liliacha dawa wakati CD4 zilipokuwa nyingi na kuzirudia ziliposhuka. Wengi walitarajia kwamba mapumziko hayo yangeuokoa mwili na madhara ya dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalikuwa kinyume: waliokuwa wakiacha dawa walipatwa na kifo au magonjwa nyemelezi zaidi ya mara mbili kuliko wenzao, na magonjwa ya moyo, figo na ini pia yaliongezeka kati yao. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Uchunguzi wa damu zao baadaye ulionyesha kwamba dalili za ule mwako zilipanda dawa zilipoachwa, na ziliambatana na hatari ya kufa. CD4 nyingi, kwa hiyo, hazikuwa ushahidi kwamba mji uko salama.

Hata wanaomeza dawa kwa uaminifu hubaki na makaa kidogo. Dawa hukizuia kirusi kisijinakili, lakini ukuta wa utumbo haurudi wote katika hali yake ya kwanza. Ndiyo sababu watu hao wanashauriwa kupima shinikizo la damu, kuacha sigara na kuangalia moyo. Mwaka 2023 utafiti mwingine mkubwa ulionyesha kwamba dawa ya kupunguza lehemu, ikiongezwa kwa wenye VVU wa umri wa miaka 40 hadi 75, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Kadiri mtu anavyoanza dawa mapema ndivyo uharibifu unavyokuwa mdogo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 limeelekeza kwamba kila aliyekutwa na VVU aanze dawa bila kungoja CD4 zishuke.

6. Yampasayo mchungaji

Kwanza, tulijibu lile swali la utangulizi. Mtu anayemeza dawa na kunenepa si mtu ambaye kirusi kimemtoka. Kirusi kimejiandika ndani ya urithi wa seli zilizolala, na hakuna dawa iliyopo inayokifuta humo. Wachache sana duniani wameponywa, akiwamo mgonjwa aliyepandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kwa ajili ya saratani ya damu. Wala hiyo si njia inayowafaa watu wote. Mtu akiacha dawa, kwa walio wengi kirusi huonekana tena katika damu ndani ya wiki chache, na moto huwaka upya muda mrefu kabla hajajisikia mgonjwa. Hapa ndipo udanganyifu unapoingia. Kwa miezi kadhaa aliyeacha dawa hujiona mzima, husimama kanisani na kushuhudia, na wengine humfuata.

Kanisa letu halina budi kusema hili kwa unyenyekevu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba kwa shilingi 500, mtoaji wake akiwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wengi walikwenda kwa imani ya kweli na kwa taabu ya kweli. Lakini miongoni mwao walikuwamo waliozitupa dawa zao baada ya kunywa. Hatupingi kwamba Mungu huponya. Tunaungama hivyo kila tunapowaombea wagonjwa kwa kufuata Yakobo 5. Tunachokataa ni kuiweka sala upande mmoja na dawa upande mwingine kana kwamba zinashindana.

Katika jambo hili Martin Luther ametuachia mfano ulio wazi. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 hakukimbia, alibaki akihudumia wagonjwa; na katika waraka wake kwa Johann Hess wa Breslau aliwakemea wanaojitumbukiza hatarini na kudharau dawa wakidhani ni imani, akieleza kwamba huko ni kumjaribu Mungu aliyeziumba dawa na kutupa akili za kuutunza mwili. Mafundisho hayo yanakwenda pamoja na maelezo yake ya sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimu Ndogo, ambamo mwili na viungo vyake vyote vinahesabiwa kuwa zawadi za Muumba anayezidi kuzitunza. Makrofaji na ukuta wa utumbo ni miongoni mwa zawadi hizo. Kidonge kinachomzuia adui asiwaue walinzi ni njia mojawapo ya Mungu kutunza alichokiumba. Basi mchungaji anapomwombea mgonjwa, na amwombee pamoja na dawa zake, na amwulize kwa upole kama amezimeza.

Pili, kuna suala la kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Hofu ya kunywa katika kikombe kimoja na mwenye VVU haina msingi. Kirusi hakienezwi kwa mate wala kwa kutumia chombo kimoja. Mate yenyewe yana protini za kinga ya asili zinazokizuia. Tukifikiri sawasawa, mwenye sababu ya kuogopa ni yeye. Sisi wenye mafua, kikohozi na kifua kikuu ambacho hakijapimwa ndio tunaomkaribia mtu ambaye walinzi wake wamepunguzwa. Kwa hiyo wazee wa kanisa wahakikishe madirisha yanafunguliwa wakati wa ibada, mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ahimizwe kupima, na wenye VVU waelekezwe kuuliza kliniki juu ya dawa ya kujikinga na kifua kikuu.

Tatu, hesabu ya muda ibadili mafundisho yetu ya ndoa na ya vijana. Ikiwa ukuta huanza kubomoka katika wiki za kwanza, kungoja dalili ndipo mtu apime ni kungoja mji uanguke. Tena na tuwaeleze wanandoa habari njema iliyothibitishwa: anayemeza dawa kwa uaminifu hata kirusi kisionekane katika vipimo vya damu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Nyumba nyingi zilizokuwa karibu kuvunjika zaweza kusimama kwa neno hilo.

Nne, tuache kuhukumu. Yesu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu (Yohana 9), alikataa kulijibu swali kama lilivyoulizwa, akamponya mtu. Kirusi hakichagui kati ya mwenye haki na mwenye dhambi. Kinatafuta vitasa viwili juu ya seli, navyo vimo ndani ya kila mmoja wetu isipokuwa wachache waliozaliwa na hitilafu katika kile cha CCR5. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa, mke aliyeambukizwa ndani ya ndoa yake, na kijana aliyepotea, wote walinzi wao huanguka kwa njia ile ile na huhitaji dawa zile zile.

Hitimisho

Tumeona kwamba VVU havingoji kulimaliza jeshi la seli za T ndipo viudhuru mwili. Tangu mwanzo vinaingia kwa mlango wa walinzi, vinamtumia mpelelezi kama mbebaji, vinabomoa ukuta wa utumbo, vinadhoofisha wamezaji na wauaji wa asili, na vinawasha moto ambao mwili hauwezi kuuzima. Hayo yote hutendeka kimya kwa mtu anayeonekana mzima, na hurudi kwa kimya kile kile akiacha dawa. Dawa za kufubaza virusi, zinazotolewa bila malipo nchini Tanzania tangu mwaka 2004, zimewawezesha wengi waliokuwa wakingojea mazishi kulea watoto wao na kuwaona wakibarikiwa kipaimara. Mshiriki atakapomjia tena mchungaji wake na kusema kwamba amepata nguvu na anataka kuacha vidonge, mchungaji amshukuru Mungu pamoja naye kwa nguvu hizo, amweleze zimetoka wapi, na amwambie aendelee kumeza.